Ukuta wa Nyuma wa Duka la Mutalemwa

Ziwa la Nyarushenyi lilipoanza kupanda, watu wa Mtaa wa Chini walidhani ni mambo ya mvua ya msimu mmoja. Maji yalifika pale mitumbwi inapofungwa, yakarudi. Yakaja tena, yakalamba ngazi za ghala la kahawa, na safari hii hayakurudi. Kufikia mwezi wa tano, mafunjo yalikuwa yameota mahali ambapo wanawake walizoea kuanika buni, na iliyokuwa ofisi ya posta ilikuwa mali ya vyura.

Nyarushenyi ni mji mdogo wa Kyerwa, mwendo wa saa moja na nusu kwa bodaboda kutoka mpakani Murongo. Una mji wa juu, wenye kituo cha mafuta na fremu za matofali ya saruji, ambao ukipita kwa gari unaweza kudhani uko mji mwingine wowote. Lakini mwenyeji akisema "nashuka mjini" alikuwa na maana ya Mtaa wa Chini: majengo saba ya mawe yaliyojipanga kando ya ziwa, yaliyojengwa miaka ile ya Uhuru, wakati kahawa ilipokuwa ikishuka kutoka milimani kwa vichwa vya watu. Kulikuwa na ghala, posta, zahanati ya zamani, nyumba ya mshona suti, duka la Mwarabu aliyehamia Bukoba, jengo lililokuwa mahakama ya mwanzo, na duka la Mutalemwa, ambalo ndilo lililokuwa zuri kuliko yote. Lilikuwa na milango miwili mikubwa yenye matao ya mawe, mmoja ukitazama barabara, mwingine ukitazama maji. Juu ya mlango wa mbele palikuwa na jiwe lililochongwa: RWEGOSHORA 1963.

Rwegoshora alikuwa fundi mwashi. Alikuwa amekufa zaidi ya miaka thelathini, ila jina lake lilikuwa bado linafanya kazi, kwa sababu mjukuu wake Projest alilifanyisha kazi. Projest naye alikuwa fundi mwashi, mtu wa miaka hamsini kasoro, mrefu, mpole, mwenye mabega yaliyolegea kidogo kwa kubeba mifuko ya saruji ujanani. Kwenye kibao cha bati mbele ya stoo yake alikuwa ameandikisha kwa rangi ya bluu: PROJEST, MJUKUU WA RWEGOSHORA. Hata watu wa mbali, wa Kayanga, walimwita kwa sababu ya maneno hayo. Na yeye kila alipopita mbele ya duka la Mutalemwa alipunguza mwendo, akalitazama tao lile, akajiona mtu mwenye kwao.

Basi siku moja asubuhi Kokwijuka, binti pekee wa Mutalemwa na mwenye duka, akamwita. Alimkuta amesimama dukani na gambuti miguuni, maji yamefika kwenye kifundo. Vitenge na mifuko ya mbegu alikuwa ameshavipandisha mji wa juu.

"Fundi," akasema, "nataka unihamishie duka la baba."

"Pole sana, Mama. Usiwe na wasiwasi, nitakujengea lingine. Zuri zaidi ya hili."

"Sijasema unijengee. Nimesema unihamishie. Hili hili, kwa mawe haya haya, ulipeleke kwenye kiwanja changu kule juu."

Projest alicheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki.

"Mama, hii ni kazi ya mwaka mzima. Watu watasema tumerukwa na akili."

"Waseme. Mimi nimezaliwa kwenye chumba kile cha nyuma. Wakati wa vita vya Kagera wanajeshi walihifadhi humu magunia ya chakula, mabomu yakawa yanalia ng'ambo ya mto, na hakuna jiwe lililotikisika. Leo niwaachie vyura?" Akaupiga ukuta kofi, kama mtu anayempiga ng'ombe wake mgongoni. "Babu yako alilijenga. Nani mwingine nimpe kazi hii?"

Baada ya maneno hayo Projest asingeweza kukataa hata kama angetaka. Na hakutaka.

Alimchukua Manirakiza, mtu wa makamo ambaye wazazi wake walitoka Burundi, mpasua mawe asiyeongea sana na ambaye hajawahi kuvunja jiwe alilotaka libaki zima. Wakaongeza vibarua wanne. Kwanza walitoa bati, halafu mbao za paa, halafu wakaanza kuta kutoka juu kushuka chini. Mawe ya kona, ya milango na ya madirisha walikuwa wakiyaandika namba kwa rangi nyekundu. Yale ya katikati ya ukuta waliyapanga kozi kwa kozi, yaani mstari kwa mstari. Bahati yao ni kwamba zamani zile saruji ilikuwa adimu. Ukuta ulikuwa umefungwa kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na chokaa, na ukiumwagia maji na kuuchokonoa kwa mwiko, uliachia jiwe taratibu bila ugomvi. Trekta ilipanda na kushuka mchana kutwa. Watoto wa shule walisimama kuangalia jengo likipanda mlima vipande vipande.

Projest alikuwa na furaha ambayo hakuitegemea. Kila jiwe aliloliinua aliliona kama barua kutoka kwa babu yake. Alama za tindo zilikuwa wazi juu ya uso wa mawe, mistari myembamba inayolala upande mmoja kama mvua yenye upepo, na aliweza kuona pale babu alipochoka na pale aliponoa tindo akaanza upya.

Ila aliona na mengine. Ndani ya ukuta wa mbele, kati ya mawe ya nje na ya ndani, palijazwa kokoto na udongo tu, na mahali pamoja ukuta ulikuwa umetoa kitambi cha upana wa kiganja. Fundi yeyote angejua maana yake: aliyejenga alikuwa na haraka. Projest alijiambia kwamba zamani ndivyo walivyojenga wote.

Walipofika ukuta wa nyuma, ule unaotazama ziwa, kazi ikawa ngumu ghafla. Mawe hayakutaka kutoka. Kila baada ya mawe mawili lilikuja la tatu lililopita ukuta mzima, kutoka nje hadi ndani, likiwashika wenzake kama mkono. Ukuta ulikuwa umenyooka kuanzia msingi hadi juu, usingeweza kupitisha wembe kati ya uzi wa timazi na jiwe. Zaidi ya miaka sitini, na miezi kadhaa ndani ya maji!

"Huyu alikuwa fundi," Manirakiza akasema.

"Ndiye babu yangu huyo," akajibu Projest, na kifua kikamjaa.

Manirakiza alikuwa ameinama juu ya jiwe, analipitishia kidole. Akasema, "Fundi, alama za tindo huku zimelala upande mwingine."

Projest akaja kutazama. Ni kweli. Mbele mistari ilikuwa imelalia kulia. Nyuma ilikuwa imelalia kushoto, jiwe baada ya jiwe, ukuta mzima.

"Na tazama hapa." Manirakiza akaligeuza jiwe. Mgongoni mwake udongo wa kichuguu ulikuwa umekauka ukiwa mzima, na juu yake kulikuwa na alama za vidole vinne na gumba, pale mtu alipoukandamiza udongo kabla ya jiwe linalofuata. Ilikuwa alama ya mkono wa kushoto. "Hebu weka vidole vyako."

Projest aliviweka. Havikuingia. Alama zile zilikuwa ndogo, nyembamba.

"Babu yako alikuwa na mkono mdogo hivi?"

Babu alikuwa na mikono kama koleo. Projest alikumbuka vizuri akipigwa nayo kofi la mgongo. Tena alikuwa akila, akinyoa na akichonga kwa mkono wa kulia.

"Lioshe," akasema. "Tuendelee na kazi."

Manirakiza alichukua kopo la maji, lakini hakumwaga upesi. "Mama yangu huwa anasema," alianza, akitafuta maneno, "kwamba Bibi Nikuze wa kule mlimani alifanya kazi kwenye jengo hili. Alikuwa saidia fundi."

"Saidia fundi walikuwa wengi. Walibeba maji, walikanyaga udongo. Lioshe hilo jiwe, ndugu yangu."

Manirakiza akaliosha.

Kuanzia siku hiyo Projest hakuwa na raha. Hakuna mtu mwingine Nyarushenyi aliyeweza kusoma mawe yale. Aliyeweza alikuwa Manirakiza peke yake, na Manirakiza hakuwa mtu wa maneno. Udongo ulikuwa unaoshwa, alama zinaondoka na maji. Angekaa kimya tu, na mambo yote yangebaki kama yalivyokuwa. Aliendelea kuandika namba nyekundu, na kila alipoandika namba kwenye jiwe la ukuta wa nyuma aliligeuza kwanza uso chini.

Mwezi wa tisa walianza kujenga kule juu. Msingi ulichimbwa, kuta zikapanda, na Kokwijuka alikuwa akija kila jioni baada ya kufunga biashara, anatembea kati ya kuta zilizofika kiunoni akisema, "Hapa palikuwa na mizani. Hapa baba aliweka redio." Zamu ya mlango wa nyuma ilifika kwanza. Projest alitengeneza kiunzi cha mbao chenye umbo la nusu duara, akapanga juu yake mawe kumi na tano ya tao kwa kufuata namba, akalitia katikati jiwe la kufungia. Alisubiri siku nne udongo ukauke. Kwa kuwa mbao zile zile zilitakiwa kwa tao la mbele, siku ya tano akaondoa kiunzi.

Tao lilisimama muda wa kunywa kikombe cha uji, kwa sababu ndicho walichokuwa wakifanya wote, wameketi kivulini. Kisha likajitanua taratibu, kama mtu anayepiga miayo, na mawe yote kumi na tano yakashuka chini kwa kishindo. Vumbi lilipotulia walihesabiana. Hakuna aliyekuwa karibu.

Walilipanga upya. Walisubiri wiki nzima. Likaanguka tena, na safari hii Kokwijuka alikuwa amesimama pale pale barabarani anaangalia.

"Ni mawe, Mama," Projest akasema, akijipangusa uso. "Ni ya zamani, yamechoka."

Kokwijuka aliyatazama mawe yaliyoanguka. "Mawe hayo yamekaa hewani tangu mimi sijazaliwa," akasema. "Leo ndiyo yamechoka?"

Akaenda zake. Projest aliona aibu iliyompanda mpaka masikioni. Alikaa juu ya rundo la mawe. Manirakiza akaja akakaa kando yake, akawasha sigara, akaivuta yote hadi kichungi ndipo akafungua mdomo.

"Bibi Nikuze yuko hai," akasema. "Leo yuko nyumbani. Sijui kesho."

Kibanja cha Bibi Nikuze kilikuwa upande wa pili wa mlima, migomba imeshonana na mibuni chini yake. Projest alimkuta ameketi kwenye mkeka mbele ya nyumba akichambua maharage. Alikuwa bibi mdogo wa umbo, mweusi, mwenye kitambaa cheupe kichwani, na macho yake yalikuwa makali kuliko miaka yake themanini. Alikuwa akichambua kwa mkono wa kushoto. Maharage mabovu yaliruka pembeni upesi upesi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe ni wa nani?"

"Naitwa Projest. Mjukuu wa Rwegoshora, yule fundi."

"Ah!" Mkono wa kushoto ukasimama. "Una miguu yake. Kaa. Nilikuwa nasikia mnapandisha duka mlimani kwa trekta, nikasema haya, nitaona kama watakuja." Akaendelea kuchambua. "Tao limeanguka?"

Projest alishtuka. "Nani amekuambia?"

"Hakuna. Kama lingesimama usingekuja."

Akamweleza yote, na alipokuwa akieleza aligundua kwamba anazungumza kama mwanafunzi. Bibi Nikuze alimsikiliza hadi mwisho.

"Umeondoa kiunzi kuta za pembeni zimefika wapi?"

"Zimefika pale tao linapoanzia."

"Basi litaanguka mpaka kiama. Tao linasukuma kwenda pembeni, mwanangu. Lazima liwe na mtu wa kulizuia kulia na kushoto. Panda kwanza na mabega, kozi tano, sita, mawe mazito, ndipo utoe mbao." Alinyanyua kichwa. "Babu yako lilimwangukia hivyo hivyo. Naye alikuwa anazitaka mbao kwa ajili ya kazi nyingine. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa chini yake."

Ndivyo Projest alivyokuja kujua. Bibi Nikuze alivuka mto Kagera na wazazi wake kutoka Rwanda akiwa msichana wa miaka kumi na mitano, na wakapata makao kwa kulima mashamba ya watu. Akiwa na miaka kumi na saba alianza kubeba maji ya mafundi Mtaa wa Chini. Mafundi walipokwenda kula, yeye alibaki akipiga tindo kwenye mawe mabovu yaliyotupwa, kwa mkono ule ambao mama yake alikuwa akiuchapa kila alipoula nao ugali. Rwegoshora alimwona, akamwacha. Baadaye akaanza kumpa mawe ya kweli. Halafu tao la nyuma likaanguka na ukuta wake wote, Rwegoshora akavunjika mkono wa kulia mahali pawili.

"Mzee Mutalemwa alitaka kuleta fundi kutoka Bukoba. Babu yako akamwambia, nipe wiki mbili. Akaletewa sanduku, akawa analikalia mkono umefungwa kifuani, mimi najenga. Siku za kwanza alinielekeza kila jiwe. Akaniambia nijaze kokoto katikati ili twende haraka. Nikakataa. Tuligombana hapo, we! Nilimwambia, wewe umevunjika kwa haraka, mimi sitaki. Kuanzia hapo alikuwa akiangalia tu, na mara nyingine anaimba."

"Bibi," Projest alisema, "mbona hukuwahi kusema?"

"Nani kakuambia sikusema? Mwaka ule wa kwanza nilisema sana. Walicheka. Msichana, tena wa kuja, amejenga duka la Mutalemwa kwa mkono wa kushoto! Mwaka wa pili nilikuwa na mtoto mgongoni na shamba la kulima, nikaacha." Alipeperusha makapi kutoka kwenye ungo. "Babu yako aliniahidi ataandika na jina langu. Siku ya kuchonga lile jiwe akasema jiwe ni dogo. Lilikuwa dogo kweli. Ila angeweza kutafuta kubwa."

Projest aliangalia chini. Alikuwa amekuja na sukari kilo mbili, na sasa sukari ile ilionekana kitu cha kijinga sana mkononi mwake.

"Nililiona, Bibi," akasema mwishowe. "Mwezi wa saba. Alama za vidole vyako zilikuwa kwenye udongo. Niliagiza zioshwe."

Kuku alipita juu ya mkeka na hakuna aliyemfukuza.

"Sasa umekuja," Bibi Nikuze akasema. "Nipe hiyo sukari. Kesho ulete usafiri, siwezi kutembea mlima wote huo."

Alikuja kwa bodaboda, ameketi upande, mkono mmoja umeshika kofia ngumu ya ujenzi ambayo kibarua mmoja alimpelekea kwa heshima na ambayo alikataa kuivaa. Alizunguka kuta zote. Aliweka kiganja juu ya jiwe moja, akalipita, akarudi kulishika tena. Kwenye rundo la mawe ya tao alisimama, akamwonyesha Manirakiza jiwe la saba.

"Hili mmelipindua. Huu ni upande wa chini."

"Lakini namba, Bibi..."

"Namba mmeandika nyinyi. Jiwe nimechonga mimi."

Waligeuza jiwe, na likakaa kati ya wenzake bila nafasi hata ya ukucha. Manirakiza alitikisa kichwa, akacheka kicheko kifupi, cha kwanza Projest kukisikia kwake tangu mwaka uanze.

Kwa siku tisa Bibi Nikuze alikuja kila asubuhi. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, na alikuwa mkali. Alikuwa akigonga mawe kwa kokoto na kusikiliza. Lililomjibu vibaya alilitoa. Kibarua aliyeweka udongo mwingi aliambiwa akapike uji kama anapenda kukoroga. Lakini pia alikuwa akisema, "Hapo sawa," kwa sauti ya chini, na Projest, fundi mwenye miaka ishirini na mitano kazini, alijikuta akiyasubiri maneno hayo mawili siku nzima. Mabega ya tao yakapanda, kozi ya tano, ya sita, na ya saba kwa usalama.

Siku ya kuondoa kiunzi watu wengi walikuja, kwa sababu Nyarushenyi nzima ilikuwa imesikia. Kokwijuka alifunga duka lake la muda. Projest alishika nyundo ili kutoa kabari za mbao, akageuka, akamwona Bibi Nikuze ameinuka kwenye kiti, anaingia mlangoni, anasimama katikati kabisa chini ya tao.

"Bibi, toka hapo."

"Gonga."

"Bibi, nakuomba. Hili limeniangukia mara mbili."

"Mimi halijawahi kuniangukia. Nilisimama hapa siku ya kwanza, babu yako akafumba macho. Wewe gonga, na usifumbe."

Projest aliinua nyundo. Alitoa kabari ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kiunzi kilishuka kidole kimoja. Kati ya mbao na mawe ukapita mstari wa mwanga. Vibarua wakavuta mbao nje, na tao likabaki juu ya kile kitambaa cheupe, kimya, halikudondosha hata chembe ya vumbi. Nyuma yake, mbali chini, ziwa lilionekana lote.

Kokwijuka alipiga kigelegele. Bibi Nikuze aliinua mkono wa kushoto, akaligusa jiwe la pembeni kabisa, lile aliloweza kulifikia, akatoka akitafuta kiti chake.

Duka lilifunguliwa kabla ya Krismasi. Mwinjilisti wa Kilutheri aliomba, kwaya ikaimba, na Kokwijuka akamwomba Projest aeleze historia ya jengo, kama ilivyozoeleka mjukuu kumsifu babu. Projest alisimama. Alisema kwamba ukuta wa mbele ulijengwa na Rwegoshora. Alisema kwamba ukuta wa nyuma, ulio bora, ulijengwa na Nikuze, na kwamba yeye mwenyewe aliona ushahidi akataka kuuficha. Aliyasema kwa maneno machache. Kisha akaonyesha jiwe jipya juu ya mlango wa nyuma, ambalo Manirakiza alilichonga: NIKUZE 1963.

Watu walipiga makofi, si wote. Baba yake mdogo, Cassian, aliinuka kwenye benchi la mbele. "Umemzika baba yangu mara ya pili," akasema, akaondoka bila kula. Mpaka leo salamu zao ni za barabarani tu, na jambo hilo linamuuma Projest.

Lakini kazi haikuisha. Mwezi wa kwanza wenye nyumba ya mshona suti walikuja kuulizia kuhamishwa, kisha halmashauri ikauliza kuhusu zahanati. Projest alinunua daftari kubwa, akamwomba Bibi Nikuze washuke naye Mtaa wa Chini, amweleze jengo moja baada ya jingine kabla maji hayajapanda zaidi. Walitembea polepole, yeye ameshika fimbo kwa mkono mmoja na mkono wa Projest kwa mwingine. Zahanati: kona mbili za upande wa kaskazini ni zake, zilizobaki ni za fundi mmoja mlevi kutoka Bugene. Nyumba ya mshona suti: yeye alibeba maji tu, ila dirisha lile la pembeni walimwachia. Mahakama: mbaya, msingi mfupi, wasihangaike nayo. Projest aliandika kila neno.

Mwisho walifika kwenye ghala la kahawa, lililosimama ndani ya maji mpaka magotini. Projest alifungua ukurasa mpya.

"Na hili, Bibi? Lako ni upande gani?"

Bibi Nikuze alilitazama akiwa amekaza macho kwa sababu ya mng'aro wa maji.

"Sina jiwe hata moja hapa," akasema. "Hili ni la babu yako peke yake. Alilijenga kabla hajaharakishwa na watu, kabla hajawa na jina. Nilikuwa napita na ndoo kichwani nasimama kumwangalia, mpaka maji yananimwagikia. Mimi kazi hii nilijifunza hapa, kwa macho." Akanyoosha fimbo. "Nenda kaiangalie ile kona. Nenda uone."

Projest alivua viatu, akakunja suruali, akaingia majini na timazi lake mfukoni. Maji yalikuwa ya baridi. Alipanda juu ya jiwe la ngazi, akauweka uzi juu kadiri mkono ulivyofika, akaliachia timazi lishuke hadi karibu na maji. Alisubiri litulie. Kisha akalaza shavu lake kwenye ukuta, akatazama kwa jicho moja kutoka juu hadi chini, na hakuona mwanga wowote kati ya uzi na jiwe.

"Umeona?" Bibi Nikuze alipaza sauti kutoka ukingoni.

"Nimeona!"

"Basi andika!"

Daftari lilikuwa ukingoni, karibu na viatu. Projest hakuondoka mara moja. Alibaki pale kitambo, shavu bado limelala kwenye jiwe.